Nani ameshusha gari kwa resori hapa Lubumbashi? Tupeane uzoefu

Mwana wa Bel-Air (mwenye mada)

Jambo yenu wote. Mada ni ya wenye magari ya moto: Golf GTI, Subaru WRX, Mark X, BMW, chochote chenye nguvu ambacho umekishusha kwa resori (springi) fupi za kununua dukani. Video za Wazungu wanaojaribu magari kwenye lami kama kioo tumeshaziona za kutosha. Hapa aje mtu ambaye gari yake iliyoshushwa imepita Chaussée de Kasenga mwezi wa pili, mvua ikiwa imeshafanya kazi yake. Sema gari gani, imeshuka milimita ngapi, amotisa (shokapu) zilikuwa mpya au zilezile, na tairi sasa zinalika vipi.

Naanza. Yangu ni Golf 5 GTI, turbo ya lita 2.0, usukani kushoto, imetoka Ubelgiji. Nimeweka resori za Eibach, zile za kushusha kama milimita 30. Kabla ya kulipa nilipima kila kona, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, kwa mita ya kawaida ya seremala, gari ikiwa tupu. Upande wa dereva ulikuwa chini kuliko wa abiria, maana resori za zamani nazo huchoka. Halafu jueni kwamba GTI imeshashushwa kidogo kiwandani kuliko Golf ya kawaida. Kwa hiyo namba ya kwenye boksi usiibebe kama Injili, angalia inahesabiwa kutoka kwenye gari ipi.

Kwenye boksi kuna karatasi ya TÜV, wakaguzi wa magari wa Ujerumani. Usiitupe. Inaonyesha uzito wa ekseli ambao resori zile zimetengenezewa. Dizeli ina pua nzito kuliko petroli, na ukichukua resori za dizeli ukaziweka kwenye petroli, mbele itabaki juu utafikiri hukubadilisha kitu. Na zimeandikwa VA na HA: VA ni za mbele, HA ni za nyuma.

Kazi yenyewe: nyuma ya Golf 5 ni rahisi, resori imekaa peke yake mbali na amotisa. Mbele ndiyo vita. Resori imevaa juu ya amotisa na huwezi kuitoa bila kuibana kwa kifaa chake. Nimeshaona watu wanaifunga kwa waya wa kujengea halafu wanafungua nati ya juu. Resori iliyobanwa ina nguvu za kubeba kona nzima ya gari. Ikifyatuka inaondoka na taya. Fundi asiye na kifaa cha kubania, mpe maji ya kunywa, mshukuru, ondoka.

Barabarani: kona haziinamishi gari kama zamani, ukikanyaga breki pua haizami, na kwenye barabara ya Likasi gari imetulia kabisa. Mjini kila dodani (tuta la barabarani) napanda kwa mshazari, gurudumu mojamoja. Mke wangu ameshazoea, mama mkwe bado.

Fundi Katuba

Yaya, umesema vizuri ila umeruka kitu ambacho kinaniletea wateja kila wiki. Ukibadilisha resori, boliti za mikono ya chini inayoshika gurudumu, zile zinazopita kwenye bushi, usizikaze gari ikiwa imening'inia kwenye kriki (jeki). Bushi ni mpira uliogandishwa na chuma ndani na nje. Ukikaza gari ikiwa juu, mpira unashika pale. Ukiteremsha gari, mkono unapanda na mpira unabaki umesokotwa muda wote, hata gari ikiwa imepaki. Baada ya muda unachanika, mteja anarudi na "kong kong" anasema resori ni mbovu. Resori haina kosa. Legeza, teremsha gari ikae kwa miguu yake, itikise, ndipo ukaze.

La pili: ile mwisho wa waya wa resori lazima ikae kwenye kingo ya sahani yake. Ipapase kwa kidole kabla ya kufungua kibanio. Ikipitiliza hata kidogo, siku ya kwanza tu ukikata usukani itaruka na kupiga kelele kama sufuria imeanguka.

La tatu, kile kipira cha ndani cha kuzuia amotisa isigonge chini. Resori nyingine zinataka ukikate kidogo, nyingine hapana. Soma karatasi. Watu wengi wanaolalamika gari imekuwa ngumu kama ubao, wanatembelea kipira kile, resori haijaanza hata kufanya kazi.

Mama Mark X

Mimi niliinunua ikiwa imeshashushwa. Mark X ya 2.5, imepita Dar ikaingia Kasumbalesa, inapendeza, rimu kubwa, muuzaji anasema "imewekwa resori za sport, mama". Kwenye lami nzuri ya katikati ya mji sikusikia kitu. Tulipotoka kwenda Kipushi watoto wakaanza kulia nyuma.

Kaka yangu akainyanyua kwa kriki. Gurudumu lilipotoka chini, resori ya mbele ikabaki inacheza, unaizungusha kwa mkono kama bangili. Kwa juu ilikuwa na alama ya msasa wa umeme, rangi imeungua. Mtu alikata mizunguko, basi. Kaka akanieleza kwamba resori ikikatwa inakuwa fupi na ngumu pamoja, lakini amotisa bado ina urefu wake uleule, kwa hiyo gari ikiruka shimo resori inaachia kiti chake, halafu inarudi popote inapopenda kurudi. Na mimi nilikuwa napakia watoto humo!

Nimerudisha resori za kiwandani, za mtumba lakini nzima, nne zote. Imepanda, wanaume wanasema imepoteza sura. Sura ibaki nayo muuzaji. Mkinunua gari iliyolala, inyanyueni kwanza, mshike resori kwa mkono.

Mpakani

Mimi ni mtu wa Dar, napiga kazi ya kutoa mizigo hapa Kasumbalesa, mtanisamehe nasema springi na shokapu. Gari ni Subaru Impreza WRX. Niliweka springi za Tein juu ya shokapu zilizokuja na gari, maana hazikuwa zinavuja. Shokapu kutovuja siyo kuwa nzima, ndugu zangu. Springi ngumu inarudi kwa nguvu zaidi, na shokapu iliyochoka haina ubavu wa kuizuia. Pale malori ya shaba yalipobonyeza lami ikawa mifereji, gari ilikuwa inadundadunda, usukani mwepesi mkononi. Nilivyoweka shokapu mpya za KYB, springi zilezile, nikapata gari nyingine kabisa. Makuta yenu yakitosha kitu kimoja tu, anzeni na shokapu.

Mwana Kampemba

Mnanichekesha. Mji huu mtu mwenye akili anapandisha gari, ninyi mnashusha. Karteri, ile sahani ya mafuta chini ya injini, ikipasuka mtaani usiku mtamwita Eibach?

Mwana wa Bel-Air

Milimita 30 ndugu, siyo 80. Karteri yangu ina bamba la chuma chini, na barabara za udongo za ndani ya Ruashi siendi nayo mvua ikinyesha. Ila kwa wale wa kushusha mpaka tairi inaingia ndani ya fenda, hapo niko upande wako.

Dereva wa Likasi

Tairi mmeuliza, hakuna aliyejibu. Gari ikishuka, magurudumu yanainama juu kwenda ndani, na pia mwelekeo wake unabadilika, pua za tairi zinafunguka au kufunga. Watu wanalaumu ule mwinamo, lakini kinachokula mpira haraka ni mwelekeo. Tairi inakuwa inaburutwa kwa upande safari nzima. Kwa nje unaona meno mazuri, pitisha mkono kwa ndani unakuta waya zimeanza kuchungulia. BMW yangu ilimaliza mbili za mbele hivyo, nami naziosha kila Jumamosi bila kuona.

Pelekeni paralelismu, yaani kupimwa na kunyooshwa magurudumu, lakini siyo siku ileile. Resori mpya hukaa chini kidogo zaidi baada ya kutembea. Nenda Likasi urudi, halafu pima.

Na wenye taa za xenon zinazojirekebisha: kile kijiti cha sensa kwenye mkono wa nyuma kinasoma gari imebadilika, taa zinaelekea pabaya. Isawazisheni, malori yanayokuja yatawashukuru.

Mama Mark X

Swali kwa mwenye Golf. Ukipakia watu watano na mifuko ya unga nyuma, inakuwaje?

Mwana wa Bel-Air

Watu watano inabeba, mizunguko ile ya karibukaribu inajifunga na resori inakuwa ngumu zaidi. Ukiongeza mifuko, nyuma inagonga kwenye kila shimo. Unga wa nyumbani kwetu unabebwa na Probox ya shemeji.