Supermarine Type 224: ilikuwa inachemshia wapi?

Kipanga77
Wakuu, ile Type 224, ndege ya kivita iliyobuniwa na R. J. Mitchell na kushindania zabuni ya F.7/30 ya Wizara ya Anga ya Uingereza, inajulikana kwa kuchemsha angani kama lori mlimani. Naomba mwenye kuujua mfumo wa injini yake, Rolls-Royce Goshawk iliyopozwa kwa mvuke, anieleze ulivyozunguka na kasoro ilikuwa wapi hasa. Pampu kubwa zaidi isingetibu?

Fundi_Bomba
Mkuu, anza na hesabu. Kilo moja ya maji ikipoa nyuzi 30 kwenye rejeta inaachia kilojuli 126 hivi. Kilo hiyohiyo ikigeuka mvuke inabeba zaidi ya 2,200. Maji machache yanatosha, na rejeta inayoning'inia tumboni ikikamata upepo unaing'oa kabisa. Ndiyo maana Rolls-Royce waliishupalia.

Ndani ya injini maji yalikuwa chini ya presha, hivyo yalipita nyuzi 100 bila kuchemka. Yakitoka tu, presha inashuka na sehemu yake inafumuka kuwa mvuke. Mvuke unaingia kwenye kondensa, ambayo ni ukingo wa mbele wa bawa lenyewe: bati linapigwa na upepo nje, mvuke unarudi kuwa maji ndani. Bawa lilikunjwa kama W, kwa hiyo maji yaliteremka hadi kwenye kona za chini, ndani ya ile "suruali" (gamba) inayofunika miguu ya magurudumu, kisha pampu ikayapandisha tena.

Hapo kwenye pampu ndipo penye ugonjwa. Maji yale yalikuwa yamebakiza kidogo tu kuchemka. Pampu ikivuta, presha ya mdomoni mwake inashuka, maji yanageuka mvuke palepale, na pampu ya maji haisukumi mvuke. Ukifunga kubwa inayovuta kwa nguvu zaidi, umeongeza tatizo. Tena ndege ikipanda, kwenye futi 15,000 maji huchemka kwa nyuzi 85 tu. Yaliyokuwa yametulia muda mfupi uliopita yanaanza kutokota yenyewe.

Mrengo_Mmoja
Nyongeza: rubani aliwekewa taa nyekundu za kumwonya. Zikiwaka, anaacha kupanda na kunyoosha ndege mpaka mfumo upoe. Sasa ndege ya kuwahi ndege za mabomu juu ikapumzike njiani? Na ukingo mzima wa bawa ukiwa kondensa, risasi haihitaji shabaha.

Ila anayelaumu Goshawk peke yake anaionea. Bawa lilikuwa nene, lenye karibu mita 14 toka ncha hadi ncha, magurudumu hayakunjiki, rubani yuko wazi. Iliruka mara ya kwanza tarehe 19 Februari 1934 na ikaishia maili 228 kwa saa, wakati zabuni ilitaka 250. Zabuni ikaenda kwa Gloster Gladiator, ya mabawa mawili, injini inayopozwa na hewa. Haina cha kuchemka.

Kipanga77
Nimeelewa pampu. Mbona Spitfire nayo ilianza kuchorwa kwa Goshawk?

Fundi_Bomba
Type 300, mchoro uliozaa Spitfire, ilianza hivyo, kweli, kisha ikaja injini ya PV-12, yaani Merlin, inayopozwa kwa glaikoli. Glaikoli huchemka kwenye nyuzi 197, basi inabaki kimiminika na pampu inafanya kazi yake ya kawaida. Rejeta ikarudi, safari hii ndani ya mfereji chini ya bawa. Kilichobaki cha 224 ni lile boksi la ukingo wa mbele: kondensa imetoka, lakini bati lake pamoja na mhimili mmoja wa bawa viliendelea kuzuia bawa lisijipinde.

Mrengo_Mmoja
Na 224 yenyewe, namba K2890, iliishia Orfordness, Uingereza, ikiwa shabaha ya mazoezi.