Mjadala: Je, msimu wa nne uliiharibu Babylon 5?

Wadau, nimemaliza kuitazama upya Babylon 5, ile tamthilia ya runinga ya kituo cha anga za juu, sehemu zote 110, na nina neno na wanaosema msimu wa nne uliivuruga hadithi. Hoja yao ni hii: mtunzi wake, J. Michael Straczynski, aliipanga iende miaka mitano, lakini mtandao wa runinga wa PTEN waliokuwa wakiirusha walipoanza kuyumba, akahofia msimu wa tano hautakuwepo, akabana mambo. Vita vya Shadows, jamii ya kale ya viumbe wa giza, vikaisha kwenye sehemu ya sita kati ya 22, tena kwa maneno. Sheridan, kamanda wa kituo, anawafokea Shadows na mahasimu wao wa kale, Vorlon, watoke, nao wanatoka.

Nakataa. Kinachoibeba hadithi hii tangu mwanzo ni Londo, balozi wa Wacentauri, na G'Kar, balozi wa mahasimu wao Wanarn. Nendeni mkatazame tena "The Coming of Shadows", msimu wa pili. G'Kar anamfuata Londo baa, uso umemnawiri, ameanza kuamini kwamba Wanarn na Wacentauri wanaweza kupatana, anamnunulia kinywaji. Londo anaipokea ile glasi akijua ameshawatuma Shadows wakateketeze kituo cha Wanarn. Peter Jurasik, anayemwigiza Londo, haongei sana pale, lakini mtazame macho. Nilirudisha nyuma mara tatu.

Na kifo chao tuliambiwa mapema kabisa, msimu wa kwanza ukifunguliwa: Londo anasimulia ndoto yake, yeye na G'Kar wamekabana koo uzeeni. Msimu wa tatu tunaonyeshwa tukio lenyewe, kumbe maana yake si tuliyoidhania. Huo ndio mpango, na haukuguswa.

---

Mkuu, kwa Londo na G'Kar sina ubishi. Lakini usifunike mengine. Kuikomboa Mars na Dunia kulikimbizwa, na usaliti wa Garibaldi, aliyekuwa mkuu wa usalama wa kituo, ulitaka muda zaidi ili utuume. Halafu chaneli ya TNT walipouokoa msimu wa tano, nyama ilikuwa imeshaliwa. Tukapewa Byron na wenzake wasoma mawazo, nusu ya msimu nzima! Ule ubanaji uliharibu msimu wa tano, na hili hujaligusa.

---

Kwa Byron umenishinda, ndugu yangu, hata mimi zile sehemu nilizitazama kwa kujilazimisha. Ila wengi wanaishia hapo na kuuacha msimu wote, na hapo ndipo ninapoumia. Mbele yake kuna "The Fall of Centauri Prime". Londo amekubali kuwekewa begani kile kiumbe cha Drakh, waliokuwa watumishi wa Shadows, kitakachomtawala maisha yake yote, ili watu wake wasilipuliwe, na hawezi kumwambia mtu. Anakuja kuaga. G'Kar anamwambia kwamba Wanarn hawataweza kamwe kuwasamehe Wacentauri, lakini yeye, yeye mwenyewe, anamsamehe.

Anayesema hadithi ilikatika anionyeshe ilikatikia wapi, kati ya ile glasi ya baa na msamaha huu.