Ushauri: mbwa na treni ya mvuke, Jumamosi hii

Kijana_wa_Leeds: Wakuu, habari zenu. Jumamosi tunapanda treni ya mvuke ya North Yorkshire Moors, Pickering hadi Whitby. Mbwa wetu hajawahi kupanda treni. Usingizi siupati.

Bi_Shangazi: Mbwa anakatiwa tiketi, sisi Tabora hadi Kigoma tunasimama. Haya.

Fundi_Boza: Wangu nilimpeleka. Wanaruhusu, ila si behewa la mlo. Mfunge kamba fupi, mtandikie taulo chini. Stesheni ya Grosmont usimsogeze karibu na kichwa cha treni: kinaachia mvuke ghafla, shhh! Wangu alijichimbia chini ya benchi, hata soseji alikataa. Njia yenyewe ilifunguliwa 1836 ikivutwa na farasi, kwa hiyo wanyama si wageni pale.

Mwana_Makupa: Mmenikumbusha mbali. Zile Garratt za daraja la 59, vichwa vya mvuke vya reli yetu ya Afrika Mashariki, ziliundwa Manchester, zilikuwa na majina ya milima. Ikipiga honi Mazeras, mbwa wa kijiji kizima walikuwa wanaitikia.

Kaka_Pwani: Kijana, mbwa umemtaja, watu hukuwataja. Mnakwenda wangapi?

Kijana_wa_Leeds: Wanne. Mimi, mke, mtoto, na mama mkwe.

Kaka_Pwani: Mkwe wa wapi?

Kijana_wa_Leeds: Wa Unguja. Ana wiki tatu hapa. Hajui kama tunafuga, mbwa tumemficha kwa jirani. Nimeona akimkuta kwenye treni, mbele za wazungu, atastahi. Tiketi nimeshalipa. Mbwa atakaa upande wangu.

Bi_Shangazi: Atastahi! Ute ukigusa buibui ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Udongo utautoa wapi, kwenye makaa?

Kijana_wa_Leeds: Nabeba chupa mbili za maji.

Daktari_wa_Chai: Subirini. Mwezi wa nne huyu huyu alikuwa anauliza mahari ya Kilosa. Leo ana mtoto na mkwe Unguja? Chai hii, tena ya tangawizi.

Kijana_wa_Leeds: Ule uzi nilimuulizia rafiki.

Fundi_Boza: Na mbwa naye wa rafiki?

Bi_Shangazi: Weka picha.

Mwana_Makupa: Chai au si chai, mkeo amwambie mamake leo leo.

Kijana_wa_Leeds: Mke wangu ndiye aliyesema tusimwambie.