Filamu zenye mafunzo kwa watoto na wazazi: tuanze na ipi?

Mama Swaumu
Habari za jioni wanajukwaa. Kikundi chetu cha VICOBA, hiki cha kuweka na kukopa, kimeamua kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tuonyeshe filamu yenye mafunzo ya maisha, watoto na wazazi wakae pamoja. Projekta tumeazimwa. Kwenye orodha kuna Supa Modo, Queen of Katwe, ile ya kijana wa Malawi na upepo, The First Grader, na kuna wanaosema tuweke zile katuni za Ubongo Kids tumalize maneno. Ipi ianze? Kikao ni Alhamisi. Nawasilisha.

Fundi Spika
Dada, watoto wa umri gani? Lugha gani wanaelewa? Umeme wa uhakika? Umetuuliza saizi ya nguo bila kutuambia mvaaji.

Kisiki
Na mko wapi? Watoto wa Masaki hawa au wa wapi?

Mama Swaumu
Tuko Muheza, mkoa wa Tanga. Watoto ni kuanzia chekechea mpaka la saba, wazazi wao na bibi zao kadhaa. Kiingereza cha kuokoteza. Umeme upo, ukikatika ndiyo basi tena.

Mwl Tabasamu
Hapo umeshajijibu. Nusu ya orodha ni Kiingereza, na maandishi ya chini hayawafai: mtoto wa la pili anahangaika na neno la tatu, sentensi imeshapita. Bibi naye miwani kaacha nyumbani. Ubongo Kids imetengenezwa Dar, iko hewani tangu 2014, Kiswahili ni chetu na vipindi ni vifupi. Wale wa chekechea wawekee Akili and Me, yule binti wa chini ya Kilimanjaro. Zote zinapatikana YouTube bure, unapakua mapema.

Kisiki
Mwalimu, kasema watoto NA wazazi. Baba wa watu katoka shamba, umkalishe chini aimbe namba na kiboko wa katuni? Ataamka aende kwenye bao. Mimi naipigia debe ya Malawi. Njaa ya 2001, mahindi yamekauka, dogo William kafukuzwa shule kwa sababu ya ada, anasoma kitabu maktaba anatengeneza kinu cha upepo. Lakini kiini chake kwangu siyo kinu, ni baiskeli. Baiskeli ya baba ndiyo mali pekee iliyobaki, mtoto anaomba kuikata vipande. Mzazi yeyote wa Muheza atajikuta pale: ningempa, au ningemzaba kofi?

Mwl Tabasamu
Na mbwa anayekufa kwa njaa hujamtaja. Wanangu hawakumbuki kinu wala baiskeli, wanakumbuka mbwa.

Bi Zawadi
Afadhali mbwa. Supa Modo mnaijua? Ya Kenya, 2018. Jo ni mtoto wa miaka tisa, ana ugonjwa usiopona, mama yake anamrudisha nyumbani, dada mtu anawashawishi wanakijiji wamsaidie aamini ana nguvu za ajabu. Nimeipenda sana, na Kiswahili kimo kingi. Ila msiianze hiyo. Hapo mtaani hamna mtoto anayeumwa kweli?

Kisiki
Bi Zawadi, watoto wetu wanapelekwa misibani wakiwa mgongoni. Kifo wanakijua kuliko wewe unavyofikiri.

Bi Zawadi
Kupelekwa msibani ni kitu kimoja, kuelezwa ni kingine. Tunawapeleka halafu tunawaambia marehemu kasafiri.

Nahodha
Mnabishana juu ya filamu, mimi nawaambia tatizo ni watazamaji. Kuna shirika moja, silitaji, liliniita nitafsiri Neria kwenye mkutano wa kijiji. Ni ya Zimbabwe, 1993, muziki ni wa Oliver Mtukudzi. Neria anafiwa na mume, shemeji mtu Phineas anakomba akiba, gari, vyombo, mwisho anachukua mpaka watoto. Nikapewa maiki, natafsiri papo hapo kama Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, spika inakoroma. Phineas alipoanza kubeba vitu nikategemea watu wagune. Upande wa wanaume wakapiga makofi! Mzee mmoja akasimama mbele ya projekta, kivuli kikameza ukuta wote, akasema huyo bwana anafanya kazi ya ukoo, mali isitoke nje. Akina mama wakamvaa. Mmoja wao, mjane, akanyanyuka na mtoto wake akaondoka, kumbe shemeji yake ndiye aliyekaa viti vya mbele. Wenye shirika wakaogopa, wakazima mtambo. Sasa Neria anakuja kushinda mahakamani, na huko hatukufika. Kijiji kile mpaka leo wanajua hadithi inaishia kwa Phineas kubeba kila kitu. Wenye shirika walihesabu vichwa, wakapanda gari.

Kisiki
😂😂 Ila yule mzee ana hoja. Mali ya ukoo ni mali ya ukoo.

Bi Zawadi
Hoja gani? Mwanamke kajenga na mumewe tofali kwa tofali, ukoo ulikuwa wapi siku ya kubeba maji?

Wakili Mtaani
Tuliowahi kukaa kwenye korido za mahakama tunajua haiko rahisi hivyo. Mirathi hapa nchini huenda kwa mila, kwa sharia ya Kiislamu, au kwa ile sheria ya Kihindi ya 1865, kutegemea marehemu aliishi vipi. Kesi inaanzia kwenye kubishania ipi itumike.

Mwl Tabasamu
Jamani, filamu.

Mzee wa Korogwe
Wajukuu, hapo Muheza mko jirani na historia. Vugiri, milimani Usambara, mwaka 1935 hadi 1937 Waingereza Notcutt na Latham walikuwa na kambi ya kutengeneza sinema za kuelimisha Waafrika: minyoo ya safura, kuweka akiba Posta, kulipa kodi. Walizungusha lori Tanganyika, Kenya, Uganda, mpaka Nyasaland, Malawi ya leo. Sauti ilikuwa kwenye sahani za santuri, pembeni, ili wabadilishe lugha kila wanakofika. Kwa hiyo Nahodha na maiki yake hajaanza leo. Ubaya wa zile sinema ni kwamba mjinga alikuwa sisi kila mara. Ndiyo maana mimi ningewapa The First Grader: Maruge wa Eldoret, mwaka 2004, miaka 84, anaingia darasa la kwanza na kaptula. Hapo mzee ndiye mwanafunzi, na hakuna wa kumcheka.

Mwl Tabasamu
Shikamoo mzee. Ile ina mateso ya kambi za Mau Mau, wa chekechea wasiwepo.

Mzee wa Korogwe
Marahaba. Chekechea saa mbili usiku wanatafuta nini nje?

Wakili Mtaani
Mama Swaumu, kabla ya yote pita Bodi ya Filamu uulizie kibali na daraja la umri. Na usitumie akaunti ya mtu ya Netflix, hiyo ni ya nyumbani kwake, siyo ya uwanjani.

Kisiki
Vibanda umiza vyote vya Tanga vinavyoonyesha video vina kibali?

Wakili Mtaani
Sijauliza vibanda umiza.

Mama Swaumu
Asanteni wote. Tumekaa kikao. Walio wengi wanataka saa ya kwanza Ubongo kwa wadogo, wakishalala iwekwe ya Malawi na mtu wa kutafsiri. Mwenyekiti anataka Neria, nimemsomea ya Nahodha, bado anaitaka. Hatujapiga kura, maana mwenye projekta kaipeleka harusini Korogwe na hapokei simu.

Fundi Spika
Itarudi na taa imeungua hiyo. Ninayo moja used, bado nzima, njoo PM.

Kisiki
Nilijua tu uzi utaishia kwenye biashara. Bei gani?