Kama urasimi mpya ni akili na ulimbwende ni hisia, mbona kwa picha ya David wanawake wanalia?

NyarKajulu (Kisumu)
Wadau hamjambo. Niko mwaka wa pili nasoma sanaa na fasihi na hii mada ya urasimi mpya (neoklasiki) na ulimbwende (romantiki) imenishinda kuelewa. Noti zote ukisoma zinasema kitu kimoja, urasimi mpya ni akili na mpangilio na mambo ya Ugiriki na Roma, ulimbwende ni hisia na mtu binafsi na maumbile, basi, mstari katikati. Sasa nimekaa nikaangalia ile picha ya Jacques-Louis David, Kiapo cha Horatii, alichora akiwa Roma 1784 ikaonyeshwa Paris 1785, nikaivuta kwa simu hadi nikaona vidole. Kushoto kuna ndugu watatu wamenyoosha mikono imekauka kama rula, baba yao katikati ameinua panga tatu, lakini kulia kuna wanawake wamelegea kabisa, wawili wameegemeana, na nyuma yao kuna mwingine amewakumbatia watoto wadogo. Hiyo si hisia? Na lingine, kwa muziki huo urasimi mpya uko wapi, manake kwa zile enzi za muziki tulizosoma sekondari siuoni. Naomba mtu anifafanulie polepole, asaimenti ni ya Ijumaa.

Mwalimu_Lurambi
Binti yangu umeuliza swali zuri sana na usikubali mtu akufunge na huo mstari. Hisia ziko kwa David, tena nyingi. Hao wanawake wana sababu ya kulia. Horatii ni ukoo wa Roma na Curiatii ni ukoo wa mji adui: Sabina ametoka ukoo wa Curiatii na ameolewa kwa Horatii, Camilla naye ni wa Horatii lakini ameposwa na mmoja wa Curiatii, na hawa wanaume wanaapa kwenda kupigana na hao hao Curiatii. Yeyote atakayeshinda, hapo nyumbani kutakuwa na matanga. David anajua hayo yote. Swali la kujiuliza ni amewaweka wapi: wamekaa chini, pembeni, rangi zao zimepoa, wanaume wamesimama katikati ya mwanga. Picha inakwambia wajibu kwanza, machozi yakae kando.

Sasa chukua Géricault, mchoraji wa upande wa ulimbwende, na picha yake Chelezo cha Medusa, 1819. Hii haikutoka kwa vitabu vya Roma, ilikuwa habari ya juzi. Meli ya Ufaransa inaitwa Méduse ilikwama karibu na pwani ya Mauritania 1816, nahodha alikuwa hajaenda baharini miaka mingi, cheo alipewa kwa kujuana. Mashua hazikutosha, watu karibu 150 wakapakiwa kwa chelezo wakaachwa huko, na baada ya siku 13 waliopatikana hai walikuwa 15. Géricault alitafuta walionusurika akawahoji, akaenda mpaka hospitali kuangalia maiti na viungo vilivyokatwa ili ajue rangi ya ngozi ya mtu anayekufa. Kwa hiyo picha hakuna baba wa kuwapa watu panga, hakuna kiapo, hakuna serikali. Aliye juu kabisa, anayepunga kitambaa kwa meli iliyo mbali, ni mtu mweusi, na hiyo ilikuwa Paris wakati Ufaransa bado ina watumwa kwa makoloni yake. Mimi hiyo sehemu huwa inanishika kila nikiifundisha.

Lakini angalia miili yao pia. Siku 13 bila chakula na bado wana misuli kama sanamu za Wagiriki! Géricault alikuwa amekaa Italia akisoma Michelangelo, na hakuacha hayo mafunzo. Kwa hivyo ndani ya picha moja unapata vyote viwili.

RangiZaNakuru
Mwalimu amemaliza ya maana, mimi niongezee kama mtu wa brashi, nachora mabango na matatu hapa Nakuru. Dada angalia vile rangi imepakwa. Kwa David huwezi kuona brashi imepita wapi, amelainisha mpaka ukuta unang'aa, mchoro kwanza rangi baadaye, na nyuma ameacha giza tupu na matao matatu ya mawe ndio macho yako yasizurure. Ingia kwa Delacroix sasa, huyu ni wa ulimbwende, ile ya Uhuru akiongoza watu, 1830, unaona rangi imetupwa, moshi, mtu mmoja anaingia kwa mwingine, na nyekundu ya bendera inarudi hapa na pale hadi kwa nguo ya yule aliyelala chini. Ingres, mchoraji wa upande wa David, na Delacroix walivutana miaka na miaka kwa hii kitu, Ingres anasema mstari ndio kila kitu, Delacroix anasema rangi.

Halafu usisahau kwa nini hiyo Roma ilirudi ghafla. Walianza kuchimba Herculaneum 1738 na Pompeii 1748, watu wakaona nyumba na michoro ya ukutani iliyokuwa imefukiwa na volkano tangu mwaka 79, kila tajiri Ulaya akataka nguzo kwake. Hizo nguzo zilifika hadi kwetu, ukienda Nairobi pita maktaba ya McMillan ya 1931 na wale simba wake mlangoni.

NyarKajulu
Asanteni sana mwalimu, na wewe ndugu wa Nakuru. Sasa muziki?

KwayaKondele
Nyaminwa hiyo ya muziki inawasumbua wengi. Wakati David anachora, watunzi Haydn na Mozart walikuwa kazini, na muziki wao unaitwa tu wa klasiki, hakuna "mpya". Sababu naona ni rahisi, mchoraji alikuwa na sanamu za kale za kuangalia lakini mwanamuziki hangeweza kusikia wimbo wa Roma, vilivyobaki ni vipande vidogo sana, kwa hivyo angeiga nini? Jina neoklasiki kwa muziki lilikuja karne ya 20, kina mtunzi Stravinsky na muziki wake wa dansi Pulcinella wa 1920, na hao walikuwa wanarudi kwa karne ya 18, sio kwa Wagiriki. Usichanganye hizo mbili kwa asaimenti utapoteza maksi.

Kwa ulimbwende anza na Beethoven, yeye ndio daraja. Simfonia ya tatu aliiandikia Napoleon, akasikia 1804 kwamba Napoleon amejitangaza mfalme mkuu, akakwaruza jina hadi karatasi ikatoboka, na hiyo nakala bado iko Vienna na tundu lake. Sikiza pia wimbo Erlkönig wa Schubert, 1815, alikuwa na miaka 18. Ni baba anakimbia kwa farasi amembeba mtoto, na zimwi linamtaka huyo mtoto. Mwimbaji mmoja anabeba sauti nne, msimulizi, baba, mtoto na lile zimwi, na piano mkono wa kulia unapiga noti zilezile bila kupumua kama kwato za farasi, halafu mwishoni inasimama, mtoto ameshakufa. Nimejaribu kuimba hiyo, baba lazima ashuke chini kabisa na mtoto apande, na kila mtoto akiita anapanda juu zaidi.

OmeraMilimani
Kwa fasihi si ni kama vina na mizani dhidi ya mashairi huru?

Mwalimu_Lurambi
Hapana ndugu yangu, hapo mtapotea. Washairi wa Kiingereza Wordsworth na Coleridge walipotoa kitabu chao Lyrical Ballads 1798, mashairi mengi bado yalikuwa na vina. Kilichobadilika ni lugha na watu: Wordsworth kwa dibaji ya 1800 alitetea lugha wanayoongea watu wa kawaida, na ndani ya shairi wakaingia mchungaji, mwendawazimu, mwanamke ombaomba. Na msidhani walitupa Ugiriki. Keats, mshairi mwingine wa ulimbwende, aliandika kuhusu chungu cha Kigiriki 1819, na mwenzake Byron alifia Missolonghi 1824 akiwa ameenda kuwasaidia Wagiriki wapigane na Waturuki. Kwa hivyo binti, ukiona Ugiriki usikimbilie kuandika urasimi mpya, uliza Ugiriki imeletwa hapo ifanye kazi gani. Ningekuwa wewe ningechukua David wa 1785 na Géricault wa 1819 peke yao, nizieleze hizo mbili vizuri.

KwayaKondele
Na uweke Erlkönig kidogo, ni dakika nne tu, bando haitaisha.