Tupeane uzoefu: nyinyi mliolea wadogo zenu baada ya korona kuchukua wazazi

Dada Mkubwa, Malindi

Asalaam aleikum. Naanza na langu, msije mkasema nataka ya wenzangu tu.

Baba alikuwa mpishi wa hoteli. Machi 2020 Waitaliano waliporudi kwao hoteli ikafunga, pesa ikakatika. Korona ilimchukua 2021, na mama akamfuata siku ya kumi na mbili, hata eda hajaitimiza. Nilikuwa na miaka 18. Nyuma yangu watatu, wa mwisho miaka minne.

Mama aliuza mahamri na mbaazi, nikasema biashara isife. Lakini mama hakuwa na kipimo, alitia tui kwa jicho. Hamri langu la kwanza liligonga sahani kama kokoto! Majirani walinunua wiki nzima kwa huruma, kisha wakapotea. Aliyeniokoa ni mdogo wangu wa miaka tisa, ndiye aliyekuwa akikaa kwenye mbuzi kumkunia mama nazi. "Dada, mama hukandia tui vuguvugu. Wewe watia la baridi."

Njaa basi tuliimudu. Kilichonishinda ni "mlete mzazi". Huyo huyo bingwa wa nazi alipigana shuleni, nikaenda nimevaa buibui la mama nionekane mtu mzima. Mwalimu akanitazama juu hadi chini: "Mama yuko wapi?" Na jioni nilipomgombeza, mtoto akanambia, "Wewe si mama."

Nyinyi mlifanyaje?

Mvuvi wa Mambrui

Pole dada. Mimi nilibaki na wadogo wawili wa kike. Siku mmoja wao alipovunja ungo alijifungia chooni asubuhi nzima. Nikadhani anaharisha, nikaenda kununua dawa. Bibi jirani ndiye aliyenisukuma kando, akaingia yeye. Tangu hapo kila mwezi naweka shilingi 200 kwenye kopo la majani ya chai. Sisemi kitu. Wenyewe huchukua.

Mkomani, Lamu

Kwetu waliotutesa ni ami. Arubaini haijafika washagawana watoto: huyu Mombasa, huyu Garsen, na nyumba "itaangaliwa na wakubwa". Nikaenda kwa Kadhi. Vyeti vya kifo, barua ya chifu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, nilizunguka navyo kwenye mfuko wa plastiki mpaka ukachanika. Lakini mirathi ikagawanywa, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja, na ami hawakuambulia kitu. Kila yatima mwenye nyumba ya urithi asichelewe kwenda.

Mzee Kijana

Nyinyi mwasema korona. Mwaka 1999 serikali ilipotangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa, mimi na wadogo zangu wanne tulikuwa tushakaa mwaka mzima peke yetu, na kikombe tulichonywea jirani hakukigusa. Dada Mkubwa, huyo asemaye "wewe si mama" usimjibu. Wangu wa kike aliniambia "wewe si baba" hadi kidato cha nne. Siku ya posa wageni walipouliza walii ni nani, alininyooshea mimi kidole.

Dada Mkubwa, Malindi

Mzee Kijana, umeniliza, na unga uko mkononi. Kesho naitwa shule tena, safari hii ni huyu wa mwisho, kavunja kioo cha dirisha. Buibui la mama silivai. Limenibana mabega.