Sanamu ya mwanamke aliyeketi: nifanyeje isisomeke "mama amechoka"?

Udongo_Mwekundu: Wakuu, habari zenu. Ninafinyanga mwanamke aliyeketi, kimo sm 60. Namtaka awe na mamlaka juu ya mwili wake, si mama na mtoto wala mbeba mtungi, hao wamejaa maduka ya vinyago. Ila kila anayeona kielelezo kidogo anasema "mama amechoka". Tatizo liko wapi? Na nichomeje isipasuke?

Kiweko: Mabega na kidevu. Vikishuka, mtu anasoma uchovu hata uso ukiwa mkali. Inua kidari, uzito ukae kwenye makalio, viganja vilale mapajani bila kushika kitu. Kiweko kiwe kama m 1, macho yake yakutane na ya mtazamaji. Akiwekwa chini, watu watamtazama kwa juu na kazi yote imepotea. Tafuta picha za sanamu 4 za bronzi za Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, zilizowekwa mwaka 2019 kwenye vidaka vya ukuta wa mbele wa makumbusho ya Metropolitan, New York. Alianzia kwa wanawake waliochongwa kubeba paa za Ugiriki na viti vya wafalme wa Afrika, akawatua mzigo.

Udongo_Mwekundu: Asante sana. Awe uchi au avae?

Bi_Patasi: Uchi peke yake si uhuru, dada, wachongaji wanaume wameuchonga karne nyingi kwa macho yao. Ukimvika, nguo ifuate mwili unavyokaa, isiwe pambo la kuficha miguu iliyokushinda. Na malighafi nayo husema: Lilian Nabulime wa Uganda alitumia sabuni kuzungumzia wanawake na UKIMWI.

Tanuri: Kuhusu moto. Changanya sehemu 1 ya vigae vilivyosagwa kwa 4 za udongo. Ukikauka nusu, ikate sanamu kwa waya, komba ndani ukuta ubaki sm 2, kwaruza kingo, unganisha kwa uji wa udongo uleule. Kichwa na mikono iliyo wazi ndani itobolewe. Kausha chini ya nailoni wiki 3, mikono uifunike zaidi: ikitangulia kukauka, ufa hutokea begani. Kinacholipua ni maji yaliyobaki ukutani yakigeuka mvuke, kwa hiyo kaa chini kidogo ya nyuzi 100 saa kadhaa. Kisha panda taratibu hadi 950, ukipunguza kasi karibu na 573, moto ukipanda na ukishuka, maana hapo chembe za mchanga hubadilika ukubwa ghafla. Udongo hunywea kama asilimia 10. Ukitaka sm 60, finyanga 67.